Tangi la Mama Kanta

Harufu ya karafuu huwapeleka watu wengi kwenye pilau. Mimi sasa hunipeleka kwenye dhambi yangu, tangu wiki iliyopita iliponikuta nimelala chali, sina pa kukimbilia.

Nilikuwa kwenye kiti cha daktari wa meno hapa Nairobi, taa kali usoni, kichupa cha mafuta ya karafuu kimeachwa wazi karibu na pua yangu. Nilikuwa nimekwenda kufunikwa meno ya mbele ili yawe meupe, jambo nililolitamani tangu utotoni na kuliahirisha kila mwaka. Daktari, kijana mpole mwenye mikono baridi, alichungulia mara moja tu.

"Wewe ni wa Nakuru," akasema.

Sikuwa nimemwambia. Lakini ndivyo tulivyo sisi tuliolelewa kwa maji ya visima vya kule. Hatuhitaji kitambulisho, tunafungua mdomo tu. Meno yetu yana rangi ya strungi, chai isiyo na maziwa, na mwenye nayo huzoea kucheka huku kiganja kikiwa mbele ya mdomo. Nimecheka hivyo maisha yangu yote. Wasionijua hudhani ni adabu.

Daktari akanieleza, kama wanavyopenda kueleza huku wewe huwezi kujibu, kwamba ni madini yaliyo kwenye maji, na kwamba rangi huingia jino likiwa bado limejificha ndani ya ufizi. "Mtoto wa miaka kumi hata umnyweshe pipa zima, meno yake ya mbele hayabadiliki tena," akasema. "Yule wa mwaka mmoja, miwili, huyo ndiye wa kuangaliwa."

Niliinuka ghafla hadi nikaigonga taa kwa kipaji cha uso. Akadhani ameniumiza. Nikamwambia hapana, nimekumbuka kitu tu, na nikaomba kazi yenyewe tuisogeze hadi wiki iliyofuata. Nilichokumbuka ni tangi la Mama Kanta.

Tuliishi kwenye mteremko wa Menengai, katika mtaa ulioitwa Kwa Mawe kwa sababu ukichimba shimo la choo ulikutana na jiwe kabla ya kukutana na udongo. Mlima wenyewe ulikuwa umewapanga watu. Juu kabisa zilikuwa nyumba za zamani za mawe ya kijivu, zenye vigae na miti ya jakaranda, walikokaa Wahindi na wazee wachache waliostaafu pamoja na vyeo vyao. Katikati walikuwa akina Zuhura, Waislamu wa mjini, ambao mababu zao walifika Nakuru enzi za reli lakini wao bado wakisema kwao ni Mombasa. Chini tulikuwa sisi wa ploti, vyumba vya mabati safu mbili zikitazamana, Mkikuyu mlango huu, Mjaluo ule, Mkisii karibu na choo, na sisi Wabukusu mwisho kabisa karibu na lango. Baba alisema Kwa Mawe ukipanda mlima kodi nayo inapanda. Wa juu waliamka wakaliona ziwa na ule mstari wa waridi wa flamingo. Sisi tuliamka tukaona nguo za ndani za jirani kwenye kamba.

Na mtaa ulikuwa ukinenepa kila mwaka. Uliondoka Krismasi kwenda kwenu, ukirudi ulikuta chumba kipya kimesimama ulipokuwa ukichezea mpira wa kati, na ndani yake familia isiyojua lugha yenu hata salamu.

Lakini maji yalikuwa mamoja. Yalitoka kisima kirefu, pampu ikayasukuma hadi juu, na yaliingia kila mfereji bila kuuliza mtu anasali wapi. Yalikuwa na ladha ya msumari. Ndiyo maana meno ya kahawia yalikuwa ya wote, wa vigae na wa mabati, na kwa kuwa tulikuwa nayo sote hakuna aliyeyaona. Maji ya mvua yalikuwa kitu cha heshima. Yaliwekwa kwa chai ya mgeni, kwa mtoto mchanga na kwa mgonjwa. Ila pipa la mvua halimalizi wiki mbili, na kiangazi cha Nakuru hakina haraka.

Mwenye tangi la kweli alikuwa Mama Kanta, mjane wa Kihindi aliyekaa peke yake juu kabisa. Lilikuwa tangi la saruji, la mviringo, refu kuliko baba yangu, na lilikinga mvua ya paa lote la nyumba yake. Mwenyewe alikuwa na meno ya bandia, kwa hiyo sijui lilimfaa nini.

Sasa niwaambie kuhusu Zuhura. Zuhura alikuwa wangu. Najua mtu si mali ya mtu, lakini nilipokuwa na miaka kumi sikujua. Tulikaa dawati moja, tukanunua kiazi karai kimoja tukakigawanya kwa meno, na alasiri nilishinda kibarazani kwao, ambako bibi yake, Bi Rukia, alitusahihishia Kiswahili chetu cha bara huku akikuna nazi na kuguna. Mama yangu alisema nikahamie huko moja kwa moja, atapata nafasi kitandani.

Halafu akaja Cherotich.

Mama yake alikuwa mwalimu aliyehamishwa kutoka Olenguruone, na alikodi nyumba ndogo ya nyuma kwa Mama Kanta. Alikuja na Cherotich, wa umri wetu, na Kibet, mvulana wa mwaka mmoja na nusu aliyetembea kama mlevi na kumng'ang'ania kila aliyempita, mimi hasa. Siku ya kwanza Cherotich alisimama langoni kwa akina Zuhura, kimya, hadi bata wa Bi Rukia aliponyakua kamba ya kiatu chake. Akacheka, na sote tukamkodolea macho. Hatukuwa tumewahi kuona meno meupe hivyo kwa mtu tunayeweza kumgusa.

"Waa!" Zuhura akasema. "Uko na meno kama za TV!"

Wahenga walisema kipya kinyemi ingawa kidonda. Kwa Zuhura alikuwa kinyemi, kwangu mimi akawa kidonda. Ndani ya wiki mbili dawati letu lilikuwa la watu watatu, na mimi ndiye niliyekaa ukingoni, upande wa kudondoka. Kiazi kilikatwa mara tatu. Zuhura alijifunza kusuka nywele kwa kichwa cha Cherotich, kichwa changu kikakaa bure. Na baya zaidi ni kwamba msichana mwenyewe hakuwa na ubaya wowote wa kumshikia. Alinipa kipande kikubwa cha kila kitu. Nilimchukia hadi chakula kikanishinda, na kioo cha baba cha kunyolea ndevu nikakigeuza kitazame ukuta.

Mwaka huo shangazi yake Zuhura alikuwa anaolewa. Bi Rukia alikuwa ameahidi kwamba mimi na Zuhura tungetangulia mbele ya bi harusi na vikapu vya maua, gauni za rangi moja, kisha tupigwe picha naye. Fundi alikuwa amekwisha kunipima. Sikuwa nimewahi kushonewa gauni. Zangu zote zilikuwa za mitumba, zenye jasho la mtoto mwingine. Usiku nilijipangia jinsi nitakavyotembea.

Basi alasiri moja shangazi huyo, amekaa kibarazani anapakwa hina ya kujaribu, akamwona Cherotich anacheka. "Huyu ndiye wa kusimama mbele kwenye picha," akasema. "Oneni meno!" Wanawake wote wakacheka. Kesho yake Zuhura akaniambia, kwa furaha kabisa, kwamba fundi amempima Cherotich. Sikuuliza swali. Vikapu vilikuwa viwili, hesabu niliijua, na nilijua ni nani atakayepunguzwa.

Hapo ndipo nilipokumbuka maneno ya Mama Cherotich. Alikuwa amesema mbele ya watu, siku aliyohamia, "Watoto wangu hawataguza hiyo maji ya mfereji. Nimeambiwa vile inafanya." Watoto wake walikunywa maji ya tangi tu. Cherotich alikuja nayo shuleni kwenye chupa, na Kibet alizunguka nayo kwenye kikombe cha plastiki cha manjano ambacho hakukiachilia hata akilala. Harusi ilikuwa baada ya miezi miwili. Nikafikiri kwamba tangi likiisha, atakunywa kama sisi, na akinywa kama sisi, atakuwa kama sisi. Niliona ni haki kabisa.

Nilichagua Jumapili. Wao walikuwa kanisani hadi saa nane, na Mama Kanta alilala mchana. Nilimwambia mama ninaumwa na tumbo, nikasubiri akazane na nguo zake karaini, nikapanda mlima kwa njia ya panya na kupenya ua wa miba.

Nilikunywa kwanza, hilo nalikiri. Niliinama chini ya mfereji wa tangi nikakinga kwa viganja. Yalikuwa baridi, matamu, na ladha ya jani kwa mbali. Nikaona wivu hata kwa maji. Kisha nikaufungulia mfereji hadi mwisho, nikakimbia.

Kitu kimoja sikukifikiria. Tulikuwa mlimani, na maji hayana siri mlimani.

Nilizunguka mbali nisije nikaonekana, na yenyewe yakashuka moja kwa moja. Yalipita chini ya ua, yakaingia barabarani, yakabeba vumbi na maua ya jakaranda, yakasimama kidogo kwenye lango la akina Zuhura ambako bata walipagawa, yakaendelea. Nilipofika nyumbani ploti nzima ilikuwa nje na ndoo na sufuria.

"Nekesa!" mama akaita. "Si ulikuwa unaumwa na tumbo? Leta karai haraka, kuna maji inapita hapa bure!"

Nikaleta karai. Nikainama pamoja na majirani nikazoa maji niliyoyamwaga mimi mwenyewe, mengi yakiwa tope, na mama wa Kikisii karibu na choo akimshukuru Mungu kwa sauti. Yale masafi kidogo mama aliyachuja kwa kitambaa akanifulia sare ya shule. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba maji yakimwagika hayazoleki. Sisi tuliyazoa hadi jioni.

Kisha akina Cherotich wakarudi kutoka kanisani. Sauti nayo hushuka mlima kama maji, na tulisikia kila kitu.

"Si ni wewe ulichota asubuhi!"

"Mama, nilifunga! Haki nilifunga!"

Kisha fimbo. Cherotich alilia kwa muda mrefu, na kila alipopata pumzi alirudia kwamba alifunga. Wanawake wa ploti walitikisa vichwa wakasema watoto wa siku hizi hawana makini. Mama yangu alinitazama akasema nishukuru sikuzaliwa na yule mwalimu.

Ningependa kuwaambia kwamba nililia. Sikulia. Nilisikia utamu kwanza, na utamu huo ukageuka uchungu kabla ya chakula cha jioni, lakini sikufungua mdomo. Sikuufungua siku hiyo wala siku zilizofuata.

Nilichofanya ni kusubiri. Kila asubuhi nilimsimamisha Cherotich kwenye mwanga nikamwambia, "Hebu nione kama uko na sukuma wiki kwa meno." Akanionyesha, kwa imani. Meupe. Wiki ya tatu, meupe. Wiki ya sita alikuwa amekunywa maji ya mfereji ya kumtosha ng'ombe, na meno yalikuwa yaleyale ya Olenguruone. Nilianza kuamini kwamba Mungu mwenyewe yuko upande wake.

Na lile tangi, saruji ikiachwa tupu kwenye jua la kiangazi hupasuka. Lilipata ufa kutoka juu hadi chini, na mvua ziliponyesha yaliyoingia yalitoka palepale. Mama Kanta alisema amezeeka, hajengi tena. Mama Cherotich alilalamika mwezi mmoja, kisha akachoka, kisha akazoea. Hakuna aliyekufa, akasema. Hata Kibet kikombe chake cha manjano sasa kilijazwa mferejini, na akanywa bila kuuliza.

Juma la harusi lilipofika nilijificha nyumbani. Bi Rukia akateremka mwenyewe mlimani, jambo ambalo miguu yake haikupenda, gauni mpya mkononi. "Kwani wewe umesusa nini?" akaniuliza. Nikasema vikapu ni viwili. "Nani kakwambia? Mimi kitambaa nimenunua cha watatu, na kikapu cha tatu nimekiagiza. Tangu lini harusi ikafukuza watoto?" Alikuwa amejifunga leso yake ya kila siku, na nikalisoma jina la leso, yale maneno yaliyochapwa ukingoni, kama lililoandikiwa mimi: Wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nilikuwa nimekonda kweli. Gauni ilibidi ikazwe kwa pini.

Picha hiyo ninayo hadi leo. Zuhura katikati, Cherotich kushoto anacheka meno yote nje, mimi kulia nimefumba mdomo. Na mbele yetu, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia, Kibet ameingia kwenye picha na kikombe chake cha manjano, anakunywa.

Nimeitazama mara nyingi. Siku zote nilitazama meno ya Cherotich.

Miaka ikaenda. Nilipokuwa kidato cha tatu nilirudi likizo nikamkuta Kibet ameota meno ya mbele ya utu uzima, ya kahawia, yenye mistari. "Huyu sasa ni mtu wa Kwa Mawe kabisa," mama yake alisema, na sote tukacheka. Mimi nilicheka pia, kiganja mdomoni. Sikuona la ajabu. Kila mtoto wa mtaa ule alikuwa hivyo, na mimi nilikwisha kuamini kwamba mpango wangu wa utotoni haukufaulu, kwamba ulikuwa ujinga tu usiomdhuru mtu, ukiacha ile fimbo.

Ndiyo maana niliigonga taa ya daktari. Mpango ulifaulu. Ulimkosa niliyemlenga ukampata mtoto aliyenipenda bila sababu.

Jumamosi iliyofuata nilipanda gari hadi Nakuru, kisha nikapanda mlima kwa miguu. Kwa Mawe hungeijua. Mama Kanta alikwisha kuuza na kwenda kwa wanawe, na palipokuwa na nyumba yake pana ghorofa tano, roshani zote zimejaa nguo, kwa hiyo sasa hata wa juu wanaamka wakaona nguo za jirani. Akina Zuhura wamejenga vyumba vya kupangisha hadi kwenye kibaraza cha bata. Mama Cherotich amestaafu, ana nyumba yake kona ya juu, na anaishi na Kibet ambaye ni fundi wa umeme. Cherotich yuko Naivasha, kwenye shamba la maua. Meno yake, nasikia, bado ni meupe.

Mama Cherotich aliniletea glasi kabla sijakaa. "Kunywa, mama. Hii ni ya mvua, tunawekea wageni." Nikanywa. Ladha ya jani ilikuwa ileile. Nikaiweka glasi chini.

"Mama," nikasema, "ule mfereji wa tangi, ile Jumapili, ni mimi nilifungua."

Nilingoja anitukane. Hakunitazama hata.

"Na mimi nikamchapa Cherotich," akasema polepole. "Akaniambia alifunga. Mara ngapi aliniambia alifunga." Akainuka akatafuta simu yake, akaingia nayo chumbani, na nikamsikia akimwita binti yake kwa Kikalenjin kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Kibet alikuwa mlangoni. Alinisindikiza kushuka mlima, na njiani, palepale yalipopita yale maji, nikamweleza sehemu iliyobaki. Nilimweleza kuhusu tangi, kikombe cha manjano, na alichosema daktari. Sikupunguza chochote. Nilimwambia pia sababu, kwamba nilimwonea dadake wivu wa meno.

Alisimama. Ni kijana mrefu sasa, ilibidi niinue uso.

"Kwa hivyo hii," akasema, akijionyesha mdomo, "ni wewe?"

"Ni mimi."

"Nekesa, wewe! Nimeshindwa kuongelesha wasichana form one mpaka form four!" Akacheka. Alitaka iwe mzaha, na nusu yake ilikuwa mzaha. Lakini alipocheka kiganja chake kiliruka mbele ya mdomo chenyewe, bila yeye kukituma, na nikauona mkono wangu.

Nilimpigia daktari nikiwa hapohapo barabarani. Nilimwambia ile nafasi yangu ya wiki ijayo siihitaji tena, ila asimpe mtu mwingine, kuna kijana anakuja. Kibet alibisha kidogo, kisha akauliza kama inauma, kisha akauliza ni siku gani. Meno yangu mimi yatakaa yalivyo. Nimeamua hivyo, na naona ni haki.

Lakini kwa kuwa nimewaambia yote, niwamalizie na hili. Nitakaa pale nje nikimsubiri, harufu ya karafuu puani. Mlango utafunguliwa, Kibet atatoka akicheka na mikono yake yote miwili iko chini. Nitafurahi, wallahi nitafurahi. Na najijua: nitamwonea wivu.